Nduru Ndani ya Ukungu

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa mahali usipokuwepo. Naogopa radi, naogopa ng'ombe mwenye ndama mchanga, naogopa mtu anayecheka peke yake njiani. Mume wangu alipoleta bunduki nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niliiogopa kuliko nilivyowaogopa wezi wa ng'ombe, na majirani zetu karibu na Boito walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Alikuwa amechaguliwa kuwa polisi wa akiba. Serikali ilikuwa imechoka kusikia kila wiki kwamba boma fulani limeamka tupu, na haikuwa na askari wa kulaza kwenye kila kilima. Kwa hiyo ikachukua wanaume wachache wenye familia na sifa nzuri kanisani, ikawafundisha kulenga makopo, kisha ikawaambia waende nyumbani na bunduki zao. Ya mume wangu ilikuja imefungwa ndani ya koti la mvua. Mama mkwe wangu aliipokea kwa mikono miwili na kuipandisha darini, juu ya moto, pale tulipoweka mbegu za wimbi, kwa sababu kwetu kitu cha thamani hukaushwa kwa moshi. Mvua yetu ya kila alasiri huozesha hata mshipi wa suruali.

"Mama, hiyo kitu iko na risasi ndani?" nilimwuliza.

"Sasa bunduki bila risasi ni nini? Ni mwiko wa ugali?"

Mume wangu alicheka. Mdogo wake, shemeji yangu, ambaye alikuwa hajaoa na alikula kwetu, alicheka zaidi. Mimi nilihamisha watoto wakalale upande wa pili wa nyumba, na bado kila nilipoinama kuchochea moto nilihisi ile kitu imenielekea kisogoni. Baada ya siku chache nilimwambia mume wangu kwamba kama haitoi risasi na kuzificha mbali na moto, mimi sipiki. Alizitoa. Huo ndio ulikuwa ushindi wangu wa kwanza, na niliupata kwa njaa ya watu wengine.

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa pale darini. Ilikuwa nduru.

Kwetu, mtu akipiga nduru, kila mwanamume anayesikia anakimbia kuelekea sauti inakotoka. Haulizi ni nini. Akiwa anakula anaacha chakula, akiwa anaoga anakimbia na sabuni. Anayesikia kwenye kilima cha pili anaipokea na kuipeleka kilima cha tatu, na muda si muda wanaume wanamiminika kutoka kila upande, wenye mikuki, wenye pinde, wenye rungu tu. Asiyekimbia atakumbushwa mpaka azeeke, na wajukuu zake watakumbushwa pia. Hiyo ndiyo desturi iliyolinda ng'ombe wetu tangu zamani, na siwezi kuisema vibaya. Lakini ilitengenezwa na watu wa mkuki. Mwenye mkuki lazima amkaribie mtu, na akimkaribia anamwona uso.

Na wezi wetu walipenda asubuhi. Katika nchi ya chai, asubuhi ya miezi ya mvua ni ukungu mtupu. Unatoka kukamua na huoni mlango uliotokea. Mwanamke anafika bomani na ndoo yake, anakuta kamba zimekatwa, anapiga nduru, na wanaume wanakimbia ndani ya ule weupe kutoka pande zote, na sasa baadhi yao walikuwa na bunduki.

Nilikuwa msaidizi katika zahanati ndogo iliyokuwa kilima cha pili, kazi yangu kuosha na kufunga vidonda. Watu waliniita Sista ingawa sikuwa na cheti kikubwa. Kabla ya hapo vidonda vyangu vilikuwa vya jembe, vya panga, vya watoto walioanguka motoni. Kisha wakaanza kuletwa watu wa risasi.

Mmoja wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa shamba la chai, mtu aliyekuja kutoka magharibi kutafuta kazi na akajenga karibu nasi. Alisikia nduru akakimbia kusaidia kama jirani mwema. Ndani ya ukungu mtu akamwita, "Nani wewe?" na yeye akajibu kwa lugha ya kwao, kwa sababu mtu akishtuka hurudi kwa lugha ya mama yake. Alipigwa begani. Nilipokuwa nasafisha kidonda aliniambia, "Sista, mimi nilikuwa naenda kuwasaidia." Alirudia maneno hayo mpaka nikamwomba anyamaze.

Baada yake akaja mzee wetu wa kanisa, mpole kabisa, aliyekuwa akifundisha watoto nyimbo. Risasi ilipita kwenye paja. Walimleta kwenye blanketi lililofungwa kwenye miti miwili, na waliombeba walisema wote kwa pamoja, hata kabla sijauliza, "Ni mwizi alimpiga." Damu ilikuwa imejaa gambuti la mguu ule. Nilimvua gambuti nikaimwaga damu nje.

Jioni mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akisafisha bunduki. Asubuhi hiyo alikuwa amekimbia na wengine.

"Ulipiga?" nilimwuliza.

"Nilipiga moja."

"Ulimpiga nani?"

"Mwizi."

"Ulimwona?"

Alipitisha kitambaa juu ya mtutu, kisha akasema, "Niliona mtu."

Sikulala. Si usiku huo tu. Nilikuwa nikimtazama mume wangu akila, akiwabeba watoto, akichuma chai na kapu mgongoni, na nikawaza: je, ni yeye? Sikuogopa kwamba wezi watamwua. Niliogopa kwamba siku moja ataua mtu wetu. Kwetu, aliyemwaga damu ya mtu wa nyumbani hali tena na watu kwenye sahani moja mpaka wazee wakae na kumaliza jambo, na wakati mwingine haliishi. Familia mbili zilizokuwa zikichota maji pamoja zinaachana kisimani. Ndiyo maana kila mtu alisema "mwizi". Neno hilo lilikuwa bandeji yetu, na tulilifunga juu ya kidonda bila kukisafisha.

Daktari wa wilaya alikuwa akija na Land Rover mara moja kwa wiki. Alikuwa kijana kutoka mkoa mwingine, Kiswahili chake cha shuleni, na watu walimwita Yule wa Maswali, tena si kwa kumpenda. Watoto wakihara alitaka kujua maji yanachotwa wapi, mbuzi wanakunywa wapi, choo kiko upande gani. Alipomwona mzee wa kanisa hakumwuliza nani alimpiga. Alimwuliza alikuwa akikimbia au amesimama, akipanda au akishuka, ukungu ulikuwaje, na risasi ilitoka upande gani.

"Ni mwizi," mzee alisema.

"Sawa, mzee. Mwizi alikuwa upande gani?"

Mzee alinitazama mimi badala ya kumjibu. Wezi walikuwa wamepita chini, kuelekea mtoni. Risasi ilikuwa imetoka juu, upande wa nyumbani. Yeye alijua, na macho yake yaliniambia kwamba anajua.

Baadaye daktari aliniuliza kwa nini watu wanaficha. Nilimweleza habari ya damu. Aliwaza, kisha akasema, "Nikiona watoto kumi wanahara, sitafuti mama mbaya. Natafuta maji mabaya. Hapa pia sitaki mtu. I want the place, Sista. Risasi hizi zinatoka mahali gani, saa gani, namna gani?" Akaniambia kwamba kwenye zahanati nyingine anayotembelea, upande wa Ndanai, ameona vidonda vya aina hiyohiyo, na huko pia kila mtu anasema mwizi.

Asubuhi moja ya ukungu alifika mapema na fimbo ndefu. Akaniomba nisimame njiani na kitu chochote mkononi, naye atapanda mlima mbio, fimbo begani kama bunduki, aone ataniona vipi. Niliona ni wazimu. Nilichukua ndoo ya kukamulia nikasimama kati ya michai, nguo yangu nyeupe, na ukungu ukanifunika. Nilisikia miguu yake kabla sijamwona. Pumzi yake pia niliisikia. Kisha ghafla fimbo ilitokea mbele ya kifua changu, na nyuma yake uso wa mtu ambaye hakunijua. Nilipiga kelele nikatupa ndoo.

Yeye mwenyewe aliketi chini akihema. "Nilidhani umeshika upinde," alisema. "Nilijua ni wewe. Nimekupanga hapa mimi mwenyewe. Na bado nilidhani ni upinde."

Tulirudia akiwa ametulia mahali, mimi nikimjia. Safari hiyo aliniita, akangoja nijibu, akaona ndoo. Hakuwa na haraka. Nikaelewa jambo nililokuwa nalijua tumboni bila maneno: anayekimbia anaona kile anachokiogopa tu.

Daktari alizungumza na chifu, na chifu akaitisha baraza la majirani, wale tunaowaita kokwet. Pendekezo lilikuwa rahisi kusema. Nduru ikilia, wanaume wakimbie kama kawaida, lakini bila bunduki. Mwenye bunduki asiende kwenye nduru kabisa. Ashuke moja kwa moja mpaka kwenye kivuko cha mto, mahali palipo wazi, kwa sababu ng'ombe walioibwa hawawezi kupenya michai kwa haraka na lazima wavukie pale. Akae atulie. Akiona mtu, aite, na asipojibiwa haraka angoje. Vivuko vyote vigawanywe, kila mwenye bunduki ajue chake.

Kicheko kikalipuka. Mzee mmoja aliinuka na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili ili mgeni asikie vizuri: "Taktari, wewe umesoma sana. Sasa mama yangu akipiga nduru, mimi niende mtoni? Nifanye nini huko, nioshe kuu?" Akainua mguu mmoja.

Wanaume walicheka wakapigana mabega. Mume wangu hakucheka. Hata mimi, niliyekaa nyuma na wanawake, niliona jinsi jambo lile lilivyokuwa gumu kwao. Walikuwa wanaambiwa wenye nguvu zaidi wageuze mgongo mtu anapolia.

Aliyewanyamazisha ni mzee wa kanisa. Aliinuka kwa mkongojo wake, polepole, mtu akamshika kwapa.

"Mimi nilipigwa na mtu aliyekuwa anakuja kunisaidia," alisema. "Simtaki. Jina lake silitaki. Kama yuko hapa akae tu, anywe chai na sisi. Lakini mimi nina watoto wanakimbia nduru. Na yeye ako nao."

Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake, lakini nilipoangalia pembeni niliona wenye bunduki wengine wawili nao wanatazama viatu vyao. Mpaka leo sijui ni nani, na nafikiri wao pia hawajui. Pendekezo lilikubaliwa, kwa manung'uniko. Nyumbani nilimwambia mume wangu waziwazi: akikimbilia nduru na ile kitu, siku hiyohiyo narudi kwa baba yangu. Mama mkwe alisikia, akatema mate motoni.

Wiki kadhaa zikapita kimya, na mimi kimya kinanitisha kuliko kelele. Kisha asubuhi moja nilishika ndoo nikaenda kukamua. Ukungu ulikuwa mzito, majani yanadondosha maji. Niliita ng'ombe kwa jina kama kawaida, hakuna aliyejibu. Nikagusa kamba, ikabaki mkononi. Lango la boma lilikuwa limelala chini.

Nilipiga nduru. Sikujua nina sauti ya namna ile. Ilinitoka tumboni ikaniumiza koo, na mama mkwe akatoka akapiga yake juu ya yangu. Kilima cha pili wakaipokea. Shemeji yangu alipita mbele yangu na rungu lake, mguu peku, akapotea. Kisha mume wangu akatoka, bunduki mkononi, akifunga vifungo vya koti.

Akasimama. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, nimeshika kamba iliyokatwa. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake anayelia jina lake. Wezi wangeweza kuwa nyuma ya nyumba. Wangeweza kuwa popote. Na yeye akatugeuzia mgongo, akashuka kuelekea mtoni akitembea, kama nilivyomtaka afanye.

Nataka niseme ukweli wa kilichonipata pale. Nilitaka arudi. Mimi niliyesimama na ndoo mbele ya fimbo ya daktari, niliyetishia kurudi kwa baba, nilifungua mdomo nimwite arudi na bunduki yake akae mlangoni pangu, na dunia nyingine ipasuke ikitaka. Nilijiuma mkono nisimwite. Mama mkwe hakuwa na sababu ya kujiuma. "Umenikatia mtoto wangu miguu!" alinipigia kelele. "Umemfanya mwanamke!" Niliwaingiza watoto ndani, nikaegemeza mgongo wangu mlangoni, na tukakaa gizani na moshi tukisikiliza. Miguu ilipita. Sauti ziliitana, moja hapa, moja kule, nyingine sikuitambua kabisa. Kila dakika nilingoja mlio. Nilijua sauti yake itakuwaje na bado masikio yangu yaliutafuta, nikawa nimeziba masikio ya mtoto wangu wa mwisho kwa viganja mpaka akalia kwamba namwumiza.

Mlio haukuja.

Ukungu ulipopanda wanaume walirudi wakiwa wamelowa mpaka magotini. Ng'ombe walikuwa wamevushwa zamani, kabla hata mtu hajaamka. Waliopatikana ni wawili tu, walioachwa porini kwa kuchechemea. Ng'ombe mwekundu wa mama mkwe, wa uzao wa ng'ombe aliyepewa siku alipoolewa, alikuwa ameenda. Mama mkwe aliketi karibu na moto akaanza kuhesabu ubaya wangu kwa sauti, tangu siku niliyoolewa.

Mume wangu aliingia wa mwisho. Alitoa risasi akazitia kwenye kopo lake, moja baada ya nyingine, zote. Akakaa kwenye kigoda. Nilimmiminia chai, akanyoosha mkono, kikombe kikagonga sahani, akakirudisha.

"Mtu alikuja," alisema. "Nimekaa pale kivukoni, nikasikia mtu anakimbia kutoka ng'ambo. Peke yake. Ameinama, ameshika kitu. Nikaita, hakujibu. Nikainua bunduki. Nikaita tena. Nikasema, acha ningoje kidogo." Alipangusa uso kwa kiganja. "Hakuwa na pumzi ya kujibu. Alikuwa amevuka huko juu kuwafuata peke yake, akakata njia arudi kwetu."

"Nani?" nikauliza, ingawa tayari nilikuwa nimejua.

Alinyoosha kidevu kuelekea mlangoni. Nje, shemeji yangu alikuwa anaosha matope miguuni kwenye karai, akipiga mluzi na kuwaeleza watoto wetu jinsi angewakamata wezi wote kama asingepotea njia. Hakujua lolote. Kaka yake hakuwa amemwambia.

"Ningekuwa nakimbia," mume wangu alisema, "singeita."

Mama mkwe alikuwa ameacha kuhesabu. Alimtazama mwanawe mmoja aliyekaa pale na kikombe asichoweza kukiinua, kisha akageuza kichwa akasikiliza mluzi wa yule mwingine. Aliinuka kwa shida, akachukua kikombe mbele ya mume wangu, akamshikia mdomoni yeye mwenyewe, na mtu mzima yule akanywa kama mgonjwa. Kisha akaniambia nimimine chai nyingine, ya shemeji yangu, na niweke sukari. Habari ya ng'ombe mwekundu hakuitaja tena.